Mwalimu mkuu auliza: Vijana walitaka kuchoma bweni, sasa mbona mimi ndo natishiwa kushtakiwa?

SWALI: Wakili salaam. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya upili ya umma huku Pwani ya Kenya, shule ni ya mseto lakini bweni ni la wavulana tu. Mwezi uliopita usiku wa manane godoro liliwashwa moto bwenini, askari wa usiku akauwahi na ndoo za maji, hakuna aliyeumia. Tukashuku vijana sita wa kidato cha tatu. Naibu wangu aliwahoji, akawachapa kidogo, wote sita wakaandika kukubali. Niliwatuma nyumbani, hii sasa ni wiki ya nne. Mwenyekiti wa bodi anataka wafukuzwe kabisa, na kila mwanafunzi wa bweni alipe shilingi elfu moja ya hasara, na kuhusu naibu anasema ahamishwe kimya kimya mambo yapoe. Juzi nimepokea barua ya wakili wa mzazi mmoja, inanitaja kwa jina, inanipa siku saba. Sisi tulijitahidi, hata grili tumeweka madirishani baada ya moto ule, wasitoroke usiku. Je, naweza kushtakiwa mimi binafsi? Na tukiwafukuza tuko sawa kisheria? Nimekutumia picha za yale maandishi yao na za barua tulizowapa wazazi, pamoja na maelezo marefu zaidi ya tukio.

JIBU: Mwalimu, pole sana, na kwanza shukuru Mungu godoro lilizimwa, manake haya tunayoongea leo tungekuwa tunayaongea kwa lugha nyingine kabisa.

Nikujibu moja kwa moja. Ndiyo, unaweza kushtakiwa binafsi, lakini si kwa yote. Tofautisha mambo matatu hapa. Kuna kesi ya madai, ile ya kulipa fidia au ya kuomba mahakama ifute uamuzi wenu, na hiyo kwa kawaida hufunguliwa dhidi ya Bodi ya shule, mara nyingi pamoja na wewe kama katibu wa bodi na mwenye kusaini barua, ndo maana jina lako liko pale. Kuna jinai, na hapo kila mtu hubeba msalaba wake, bodi haiwezi kufungwa kwa niaba yako wala kwa niaba ya naibu. Alafu kuna TSC, yaani Tume ya Huduma ya Walimu iliyo mwajiri wenu, ambayo ina nidhamu yake na haina haja ya kungoja mahakama imalize. Tukio moja linaweza kuzaa zote tatu kwa wakati mmoja, na nimeona walimu wakuu wanashinda kortini huku wanaendelea kuhangaika na TSC.

Sasa nimesoma barua yako na zile picha, na naona unategemea sana vitu viwili, maandishi ya vijana na agizo la mwenyekiti. Mwalimu, hivyo viwili ndo vitu dhaifu kuliko vyote ulivyo navyo. Na lile ulilolitaja kwa kupita tu, zile grili, ndo lingenifanya mimi nikose usingizi. Nitafika huko.

Tuanze na viboko, na tafadhali usiandike tena mahali popote "akawachapa kidogo". Adhabu ya viboko shuleni Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema mwanafunzi asiteswe wala asipewe adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe ya mwili au ya akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote viwili. Hakuna "kidogo" pale, na wala haijalishi kijana alifanya nini, yaani hata angekutwa na kiberiti mkononi bado ni kosa kumchapa. Naibu wako yuko hatarini kwa jambo hili, na wewe unaingia hatarini siku utakapoanza kumficha.

Kwa hiyo usimfiche. Wazazi wa wale sita waambiwe kwa maandishi kwamba madai ya kuchapwa yamepokelewa na yanachunguzwa, kama kuna aliyeumia aende hospitali ya serikali, na mzazi akitaka kwenda polisi kuchukua P3, ile fomu ya daktari kuandika majeraha, ni haki yake, usimpigie simu kumbembeleza, usimtume chifu, usitume pesa ya "dawa". Nayajua maneno ya "tuyamalize kinyumbani", ni maneno ya watu wazuri wanaotaka amani, lakini mzazi akishatafuta wakili ile simu yako ya usiku inageuka kuwa ushahidi kwamba ulijaribu kuzima kesi. Naibu naye aandike maelezo yake, ayasaini, na wewe uyapeleke kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti pamoja na barua yako. Si kumuuza. Ni kwamba mamlaka ya kumhukumu mwalimu ni ya TSC, si yako wala ya mwenyekiti.

Na hili la kumhamisha kimya kimya likatae kabisa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa kingono na mwalimu, ambapo TSC na serikali waliwajibishwa pamoja na mwalimu mwenyewe na wasichana wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni tano, na jaji alikemea waziwazi mtindo wa kuwahamisha walimu wenye makosa toka shule moja hadi nyingine. Kosa la pale ni zito kuliko hili lako, sitaki kuyalinganisha, lakini fundisho la sheria ni lilelile: mwajiri aliyejua akanyamaza anabeba mzigo.

Haya, sasa vijana. Swali lako la pili ni kama mkiwafukuza mko sawa, na jibu ni hapana, kwa namna mnavyotaka kufanya sasa hivi hapana. Kifungu cha 35 cha ile sheria ya 2013 kinaanza kwa kusema mwanafunzi hafukuzwi shule, alafu kinafungua mlango mdogo tu: waziri anaweza kuweka kanuni za kumfukuza mwanafunzi mtukutu iwapo njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana, na ni baada tu ya mtoto na mzazi au mlezi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa, na hata hapo lazima apelekwe kwenye taasisi inayomrekebisha huku akiendelea na masomo. Ukisoma vizuri utaona sheria haimwachi mtoto barabarani hata akikosea vibaya. Na bodi yenyewe haifukuzi peke yake, inasikiliza na kupendekeza, uamuzi wa kufukuza unapita ngazi ya kaunti chini ya Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015. Kwa hiyo barua ya "umefukuzwa" yenye sahihi yako na muhuri wa shule, bila kikao, haina miguu.

Hapo ndo penye uzito wa kesi yako, na naomba unielewe. Hakimu akipata faili hii swali lake la kwanza halitakuwa kama vijana waliwasha moto au la. Atauliza mliwaambia nini, lini, na waliposema yao ni nani alikuwa anawasikiliza. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imeeleza maana yake: apewe notisi mapema yenye sababu, apewe nafasi ya kujieleza, apewe ushahidi mtakaoutumia, aweze kuwahoji wanaomshtaki, apewe sababu za uamuzi kwa maandishi, na aambiwe anaweza kukata rufaa wapi. Nyinyi wiki ya nne hii hamjafanya hata moja. Kusimamishwa shule ni hatua ya muda ya kupisha uchunguzi, kuna mwisho wake kwenye kanuni, ukiiacha inyooke hivi mahakama itaiona ni kufukuza kwa mlango wa nyuma.

Nimeangalia ile barua mliyompa kila mzazi. Inasema "mtoto wako amehusika na utovu wa nidhamu wa hali ya juu, aende nyumbani hadi atakapoitwa." Basi. Mzazi akiisoma hajui mtoto amefanya nini. Barua inayosimama husema hivi: inadaiwa kwamba usiku wa tarehe fulani, kati ya saa fulani na saa fulani, ndani ya bweni fulani, wewe fulani uliwasha au ulisaidia kuwasha godoro la kitanda namba fulani, mashahidi ni askari wa usiku na wanafunzi hawa, nakala za maelezo yao zimeambatishwa, Bodi itakaa tarehe fulani saa nne asubuhi, njoo na mzazi wako, unaweza kuleta mashahidi wako na kuwauliza maswali wa upande wetu. Na maneno "hadi atakapoitwa" yasiwepo kabisa, weka tarehe.

Alafu yale maandishi. Mwalimu, niliyafungua moja moja kwenye simu nikayarudia. Karatasi sita, vijana sita, na zote zinaanza "Mimi kwa hiari yangu bila kulazimishwa na mtu yeyote nakiri ya kwamba". Neno "petroli" limeandikwa "pertoli" kwenye karatasi nne kati ya sita. Kijana wa kidato cha tatu haandiki hivyo akiwa peke yake, hiyo ni imla. Wakili wa mzazi akizipata ataziweka mezani akaomba zisomwe kwa sauti, kisha atauliza petroli iko wapi, kwa sababu wewe mwenyewe umeniambia liliwashwa godoro tu na hakuna dumu lililopatikana. Ukiongeza na viboko basi maandishi hayo hayatakusaidia, yatakuzamisha. Usiyachane wala usiyafiche, kuharibu ushahidi ni balaa jipya, yaache kwenye faili lakini kikao cha bodi kisiyategemee. Anzeni upya na ushahidi huru: askari aliona nani, saa ngapi, taa ilikuwa inawaka, orodha ya hesabu ya wanafunzi usiku ule inasemaje, nani hakuwa kitandani kwake. Na kila kijana apimwe kivyake. Sita kwa mkupuo mmoja ni kosa linalowaangusha walimu wengi, unakuta wawili waliwasha, mmoja alijua akanyamaza, watatu walikuwa wamelala kitanda jirani tu, na wote wamepewa adhabu moja.

Kwenye kikao chenyewe naibu asikae upande wa wanaoamua, yeye ni shahidi na pia analalamikiwa. Wewe ni katibu wa bodi na wakati huohuo ndo mlalamikaji, kwa hiyo wasilisha maelezo yako, jibu maswali, alafu utoke nje wakati wanaamua na mtu mwingine aandike kumbukumbu. Mwenyekiti akishasema mbele ya walimu kwamba "hawa lazima waende", kama amesema, basi na yeye apishe. Najua ni ngumu kumwambia mwenyekiti hivyo, mwandikie kwa heshima, mwambie ni kwa ajili ya kumlinda. Mzazi akija na wakili msimfukuze getini. Na mkishaamua, andikeni sababu, kwa kila mmoja, hata kama ni nusu ukurasa, na muwaambie wasiporidhika waende kwenye Bodi ya Elimu ya Kaunti na kutoka hapo kuna Baraza la Rufaa za Elimu (Education Appeals Tribunal) lililoundwa na kifungu cha 93 cha ile Sheria ya Elimu ya Msingi. Hii inakusaidia hata wewe, kwa sababu ile Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala inamtaka mtu amalize kwanza njia za ndani kabla ya kukimbilia Mahakama Kuu, lakini utamwambiaje amalize njia ambazo hamkumwonyesha?

Kuhusu polisi, kuchoma jengo ni kosa kubwa sana kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinaweza kufika maisha, na kujaribu tu ni hadi miaka kumi na minne. Kwa hiyo toeni taarifa, mpate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha muwaachie polisi kazi yao na nyinyi mfanye ya nidhamu. Msiwatishie wazazi na polisi ili wakubali kuwahamisha watoto. Mtoto akihojiwa na polisi mzazi awepo, na kama hajafika wewe ndo mlezi wa saa hiyo, usiondoke pale.

Sasa zile grili. Mwalimu, tafadhali sana. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje kwa urahisi, milango iwe na upana wa angalau futi tano na ifunguke kwa nje, kuwe na mlango wa dharura, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2 na njia ya kupita isipungue mita 2. Haya hayakuandikwa na mtu aliyekaa tu ofisini. Machi 2001 pale Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 tukapoteza wasichana Moi Girls Nairobi. Septemba 2024 watoto 21 Hillside Endarasha kule Nyeri, wengine bado wadogo wa shule ya msingi. Kila mara moto ukishazimwa wachunguzi wanapima milango na wanahesabu vitanda.

Wewe una bweni ambalo mwezi uliopita tu limewashwa moto, unajua kuna vijana wenye nia hiyo, na baada ya hapo ukaweka vyuma madirishani. Likitokea tena na mtoto akafa hutaweza kusema hukujua hatari, barua yako mwenyewe inaonyesha ulijua. Hapo tunatoka kwenye fidia tunaingia kwenye uzembe uliosababisha kifo, na hiyo ni jinai na ni ya kwako. Na hata sheria ingekaa kimya, ni watoto wa watu. Fundi wa kuchomelea aje kesho akate, usingoje kikao, gharama yake utaieleza baadaye na hakuna mkaguzi atakayekulaumu. Tatizo la kutoroka litatuliwe kwa askari wa pili wa usiku, kwa taa za nje, kwa mwalimu wa bweni kulala karibu. Ufunguo wa mlango usikae nyumbani kwa mtu. Alafu ita afisa wa ubora wa elimu wa kaunti ndogo aje akague, akuandikie ripoti, hata kama itakuwa na makosa kumi, ripoti yenye makosa mnayoyarekebisha ni afadhali mara mia kuliko faili tupu.

Elfu moja ya hasara kwa kila mtoto nayo iache. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinasema shule ya umma haitozi malipo ya ziada bila idhini ya waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata yakiidhinishwa mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa kushindwa kuyalipa, na kila senti iwe na risiti. Godoro moja na rangi ya ukuta haviwezi kufika hesabu ya elfu moja mara wanafunzi wote wa bweni, mkaguzi wa hesabu atauliza iliyobaki ilienda wapi. Atakayepatikana na kosa baada ya kusikilizwa, mzazi wake aitwe mzungumze kuhusu godoro lile. Na nimeona mzazi mmoja ameambiwa amalize salio la karo kabla mwanawe hajaitwa kikaoni, tafadhali yatenganishe hayo mawili leo hii.

Jambo moja dogo ambalo si dogo: umesema mwalimu wa zamu aliweka picha na majina ya wale sita kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Zitolewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kutumia taarifa za mtoto, na Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ilikuwa shule ya kibinafsi na picha hazikuwa za kumshtaki mtu yeyote. Zenu zinawaita watoto wachomaji kabla hawajasikilizwa.

Mwisho ile barua ya wakili. Usiijibu wewe mwenyewe, usimpigie, usiitupe kwenye droo. Ipeleke kwa mwenyekiti na nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa TSC, bodi ichague wakili au iombe msaada kupitia ofisi ya elimu, na ndani ya zile siku saba aandikiwe jibu fupi tu kwamba barua imepokelewa, kusimamishwa kwa kijana kunaangaliwa upya na Bodi itamsikiliza tarehe fulani akiwa na mzazi wake. Kwa ushauri wangu warudisheni darasani wote sita wakisubiri kikao, kama mnaogopa usalama walale nyumbani waje kama wa kutwa, wawili umesema wanakaa kilomita tatu tu na shule. Wiki nne za hesabu na kemia hazirudi kirahisi na mwaka ujao wana KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Barua ya kuwarudisha iandikwe kwa kila kijana, ichukuliwe na mzazi mwenyewe ofisini, na nakala ibaki kwenye faili ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea.